Majani ya uwanjani: kuchoma, kuozesha, kutandaza au kumpa mwenye gari la taka? Ulinganisho kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mvua za vuli zinapokolea, uwanja wa nyumba yetu hapa Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, haupiti siku mbili bila kufunikwa na majani. Mgrevilea mmoja uliokomaa, miparachichi miwili, mjakaranda wa jirani ulioinamia upande wetu na uzio wa michongoma unaohitaji kupogolewa mara kwa mara vinatosha kutoa toroli kumi za majani na vijiti kwa mwezi mmoja. Kwa miaka mingi tuliyashughulikia kama yanavyoshughulikiwa katika nyumba nyingi za Moshi na Arusha: yalifagiliwa alfajiri, yakasukumwa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, na jioni mtu mmoja akatumwa kuwasha kiberiti.

Siku moja bibi jirani, ambaye ana pumu, alimtuma mjukuu wake kwetu. Kijana aliamkia vizuri, akasema: “Bibi anawasalimu. Anaomba mkitaka kuwasha moto mumjulishe mapema kidogo, ili awahi kufunga madirisha.” Bibi hakutukataza wala hakulalamika. Aliomba tu nafasi ya kujifungia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ombi hilo lilinikaa moyoni kuliko ambavyo karipio lingeweza kunikaa. Ndipo nilipoanza kulinganisha njia zilizopo, kwa kuzijaribu moja baada ya nyingine katika uwanja uleule.

Njia hizo ni nne: kuchoma, kuozesha mboji, kuyarudisha majani shambani kama matandazo au chakula cha mifugo, na kumkabidhi mzoa taka. Niseme mapema kwamba kwa majani ya kawaida, kuchoma naiona kuwa njia mbaya kuliko zote katika karibu kila kipimo, isipokuwa kimoja tu, nacho ni wepesi wa siku hiyohiyo. Hata hivyo, njia tatu zilizobaki hazimfai kila mtu kwa kiwango kimoja, na hapo ndipo uchaguzi wa kweli ulipo.

Sheria kwa kila njia

Anayeuliza kama kuchoma majani nyumbani kunaruhusiwa anapaswa kusoma tabaka tatu za sheria kwa pamoja. La kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 4 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye kulinda afya, na ambayo imeziwekea mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. La pili ni sheria zinazolinda watu dhidi ya madhara: Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inashughulikia kero zinazohatarisha afya, na Kanuni ya Adhabu inautambua uchafuzi wa hewa unaodhuru afya ya watu wa eneo kuwa ni kosa. La tatu, ambalo ndilo linalomgusa mkazi kwa karibu zaidi, ni sheria ndogo za halmashauri, zinazotungwa kwa mamlaka ya sheria mbili za serikali za mitaa za mwaka 1982, moja ya mamlaka za miji na nyingine ya mamlaka za wilaya.

Kwa sababu ya tabaka hilo la tatu, mpaka wa halmashauri una uzito ambao wengi hawaufikirii. Mkazi wa Rau, Njoro au Soweto yuko chini ya Manispaa ya Moshi, lakini ndugu yake anayeishi Uru au Kibosho, umbali wa safari fupi ya bodaboda, yuko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Vivyo hivyo, mkazi wa Njiro anafuata sheria ndogo za Jiji la Arusha, wa Ngaramtoni anafuata za Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na wa Usa River anafuata za Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Kwa hiyo si busara kumwiga rafiki wa wilaya nyingine kwa hoja kwamba “kule wanachoma na hakuna anayeulizwa.” Nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa afya wa kata, uulize kama uchomaji unaruhusiwa katika eneo lako, kwa saa zipi, kwa taka za aina gani na kwa kibali cha nani, kisha uombe kuonyeshwa maandishi yenyewe. Sheria ndogo ni waraka wa umma, na mwananchi anayeomba kuiona hafanyi ukorofi.

Wanaoishi karibu na misitu wana jambo la ziada. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayodhibiti uchomaji wa uoto, na vijiji vingi vya mlimani sasa vinapakana moja kwa moja na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa kuwa msitu wa mlima uliingizwa ndani ya hifadhi hiyo mwaka 2005. Mlima huo uliungua vibaya Oktoba 2020, ukaungua tena Oktoba 2022. Sisemi kwamba mioto hiyo ilitoka kwenye majalala ya nyumba za watu. Nasema kwamba Oktoba ni mwezi uleule ambao sisi huku chini tuna marundo makubwa kuliko wakati mwingine wowote, na nyasi kavu za mlimani hazibagui cheche imetoka wapi.

Njia nyingine tatu zina mzigo mwepesi zaidi wa kisheria. Mboji ya nyumbani haina shida mpaka inapoanza kunuka, kuzaa inzi au kufuga panya, maana hapo inageuka kero kama kero nyingine yoyote. Matandazo hayana kero kwa mtu. Anayetumia gari la taka anatakiwa kulipa ada na kuhakikisha kwamba majani yake hayaishii kwenye mtaro, kwenye mfongo (mfereji wa asili wa maji) wala kwenye kingo za mto Rau au Karanga kabla gari halijafika.

Mji wa Moshi umejijengea sifa ya usafi kwa miaka mingi, na sisi wakazi wake tunajivunia. Lakini naona tumeupima usafi huo zaidi kwa kile kinachoonekana chini barabarani, huku moshi unaopanda nyuma ya nyumba zetu ukiachwa nje ya hesabu.

Kuchoma: kinachotokea kwenye rundo

Majani mabichi na yaliyolala na umande hayaungui vizuri, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto hutumika kukausha maji kabla ya kitu chochote kushika moto. Matokeo yake ni kufuka badala ya kuwaka, na moshi mzito mweupe tunaouona ni mchanganyiko wa mvuke, gesi na chembe za vitu ambavyo havikuungua sawasawa. Chembe zinazodhuru zaidi ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5, ambazo ni ndogo kiasi kwamba unywele mmoja wa binadamu ni mpana kuliko chembe hiyo kwa takriban mara 30. Hizo hazinaswi puani wala kooni, bali hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Rundo linalofuka chini ya dirisha la jirani hukivuka kiwango hicho mara nyingi, na wa kwanza kuumia ni watoto wachanga, wazee, wajawazito na wenye pumu.

Saa tunazopenda kuchoma ndizo saa mbaya zaidi kwa afya. Usiku hewa ya mlimani hupoa, huwa nzito na kuteremka kuelekea mjini, kisha hulala chini hadi jua linapopanda. Moshi wa alfajiri au wa jioni hauna pa kwenda, bali hutanda kati ya nyumba na kuingia vyumbani. Katika baridi ya Juni na Julai, hasa Arusha iliyoko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hali hiyo huweza kuendelea mpaka asubuhi inapokuwa imekwenda sana. Mchana hewa hugeuka na kupanda kuelekea mlimani, moshi nao hupanda, lakini upepo wa alasiri wa kiangazi ndio huohuo unaorusha cheche kwenye uzio na kwenye nyasi kavu. Kwa maneno mengine, saa inayoyahurumia mapafu si saa inayohurumia mali. Kipindi chenye unafuu ni kifupi, takriban kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, kwa siku isiyo na upepo, na watu wengi wakati huo wako kazini.

Tatizo jingine ni shimo la taka lenyewe. Ni nyumba chache ambazo shimo lake lina majani matupu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio, chupa, pampasi, viatu vibovu na betri bado vimo. Plastiki zenye klorini, kama vipande vya mabomba ya maji, hutoa gesi ya asidi na sumu za aina ya dioksini zinapoungua katika moto wa joto la chini. Mbao zilizowekewa dawa ya kuzuia mchwa zinaweza kuacha aseniki katika majivu, kisha majivu hayo yakamwagwa kwenye bustani ya mchicha. Makopo ya dawa ya mbu ya kupulizia hulipuka. Mimea nayo haifanani: olianda ina sumu hata katika moshi wake, utomvu wa mnyaa hudhuru macho, na majani makavu ya mkaratusi yana mafuta yanayoufanya moto uruke ghafla kuliko mtu alivyotarajia.

Kuhusu usalama wa mali, kuna hesabu ndogo ambayo nawaomba wenye viwanja vya mjini waifanye. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba moto wa wazi usiwe karibu zaidi ya mita 15 kutoka kwenye nyumba, uzio mkavu, waya wa umeme, mtungi wa gesi au matawi yaliyoning’inia. Sasa chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hata ukisimama katikati yake, na hata kama hakuna nyumba ndani yake, kila upande uko mita 10 tu. Ili kupata mita 15 pande zote unahitaji kiwanja kitupu kisichopungua mita 30 kwa 30. Katika sehemu kubwa ya Majengo, Pasua, Ngarenaro au Unga Limited, eneo salama la kuchomea halipo hata kabla hatujafika kwenye sheria.

Hatari haiishi pale ndimi za moto zinapozimika. Septemba moja tuliacha shimo letu likiwa na majivu ya kijivu yaliyoonekana kupoa kabisa. Usiku wa manane upepo uliyafunua, makaa yaliyokuwa yamefukiwa chini yakapumua, na kabla ya alfajiri mita nne za uzio wa jirani zilikuwa zimeteketea. Tulizima kwa ndoo, tukaomba radhi, tukalipa. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kuishi zaidi ya siku nzima, na jicho haliwezi kuyatambua.

Kuna hoja moja ya wachomaji ambayo lazima ipewe haki yake, nayo ni kwamba majivu ni mbolea. Ni kweli nusu. Majivu hubakiza potasiamu, kalsiamu na kiasi cha fosforasi, lakini nitrojeni, ambayo ndiyo inayokosekana zaidi katika bustani nyingi, hupotea hewani pamoja na moshi, na mboji ambayo ingeulegeza udongo haipatikani kabisa. Zaidi ya hayo, majivu hupunguza uchachu wa udongo, ilhali mbuni hupenda udongo wenye uchachu kiasi, hivyo kumwaga majivu mengi kwenye shina la kahawa mwaka baada ya mwaka si kuutendea wema.

Kuozesha mboji: kazi zaidi, faida zaidi

Hii ndiyo njia niliyoishia nayo kwa sehemu kubwa ya majani yetu, na ndiyo ambayo watu wengi hujaribu mara moja na kuiacha, kwa kawaida kwa sababu rundo lao liliundwa na majani makavu matupu. Vijidudu vinavyoozesha vinahitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano wa takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Majani makavu ya mgrevilea au mjakaranda yana kaboni nyingi mno, kwa hiyo yakiachwa peke yake yanakaa mwaka mzima yakiwa vilevile. Nyasi mbichi, maganda ya ndizi na mboga, na hasa samadi ya ng’ombe au ya kuku, ndivyo vinavyoleta nitrojeni. Kwa kipimo cha nyumbani, madebe mawili au matatu ya majani makavu kwa debe moja la vitu vibichi au samadi yanatosha kulianzisha rundo.

Rundo liwe na angalau mita moja kwa kila upande, urefu, upana na kimo, maana likiwa dogo haliwezi kushika joto. Likipangwa vizuri, ndani yake joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za selsiasi, kiwango kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Huhitaji kipimajoto: choma fimbo katikati, iache dakika kumi, ichomoe, ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Unyevu wenyewe hupimwa kwa kufinya konzi moja ya mchanganyiko. Ukidondosha tone moja au mawili, ni sawa. Ukichuruzika, ongeza majani makavu. Ukimomonyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Geuza kwa uma wa shamba kila wiki moja au mbili. Kwa joto la Moshi mtu huweza kupata mboji nyeusi yenye harufu ya udongo wa msituni katika miezi mitatu hivi, ilhali katika baridi ya katikati ya mwaka Arusha, kazi hiyohiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Wengi huuliza kama ni bora shimo au rundo la juu ya ardhi. Sehemu za chini zenye joto na ukavu, kama Pasua na Boma Mbuzi, shimo lenye kina kifupi husaidia kuhifadhi unyevu wakati wa kiangazi. Sehemu za juu zinazopata mvua nyingi, shimo hujaa maji wakati wa masika, mboji hukosa hewa na kuanza kunuka, kwa hiyo rundo la juu lililofunikwa kwa majani ya mgomba ndilo linalofaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilohilo: nilitumia shimo la zamani la taka, masika yakaingia, na harufu yake ilinirudisha kwa bibi jirani kuomba radhi kwa mara ya pili.

Si kila kitu kinaingia. Miiba ya michongoma haiozi upesi na humchoma mkono anayegeuza. Ndago na nyasi zenye mizizi itambaayo zianikwe kwanza juu ya bati hadi zikauke kabisa. Mabaki ya nyama na mafuta huita panya. Majani mazito ya mparachichi yakatwekatwe kwa panga, la sivyo hujipanga kama vigae na kuzuia hewa.

Ukilinganisha kazi kwa kazi, kuchoma kunachukua saa moja ya jioni, na mboji inadai dakika ishirini au thelathini kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu. Mtu asiye na nafasi ya mita mbili za mraba, au asiye na bustani ya kuipokea mboji hiyo, asilazimishe.

Matandazo na mifugo: njia ya kihamba

Wazee wa Kichagga hawakuwa na gari la taka, na katika kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, kilichotunzwa vizuri hapakuwa na sababu ya kuwasha moto wa majani. Majani ya mgomba na vigogo vyake vilikatwa vikapewa ng’ombe aliyefungiwa zizini, makavu yakatandikwa chini yake, samadi ikarudi migombani, na mgomba ukanenepa kwa kile ulichokuwa umetoa. Njia hii bado ndiyo nafuu kuliko zote kwa mwenye shamba, kwani haidai kugeuza rundo wala kupima unyevu. Unatandaza majani makavu chini ya migomba na kahawa kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina ili lisioze wala kuvutia mchwa, na udongo unahifadhi maji wakati wa kiangazi. Majani ya mgrevilea, ambayo ni mabaya kwa mboji kwa sababu huoza polepole, ni mazuri hapa kwa sababu hiyohiyo.

Kwa mifugo, tahadhari moja ni ya lazima kwa Moshi yetu iliyojaa miparachichi: majani ya mparachichi yana sumu kwa mbuzi, ng’ombe na farasi, na huweza kudhuru kiwele na moyo. Olianda na lantana nazo zisikaribie zizi. Kasoro ya matandazo ni kwamba katika Septemba na Oktoba ni kuni iliyotawanywa, kwa hiyo yasifike karibu na jiko la nje, na kwa ajili ya nyoka yasifike karibu na mlango.

Gari la taka

Njia hii haihitaji maelezo marefu. Inamfaa asiye na ardhi, inagharimu ada, na udhaifu wake ni kwamba gari lisipopita kwa siku iliyopangwa majani hubaki langoni, na kishawishi cha kiberiti hurudi. Inasaidia sana kuyatenga majani na taka nyingine katika viroba vyake, kwa kuwa mara nyingi hupatikana mkulima au mwenye ng’ombe anayeyataka bure, na kila kiroba anachochukua kinapunguza mzigo wa dampo, liwe la Kaloleni kwa Moshi au la Muriet kwa Arusha. Majani yanayooza ndani kabisa ya dampo bila hewa hutoa gesi ya methani, kwa hiyo hata njia hii iliyo halali na safi machoni si bora kuliko mboji.

Nani achague ipi

Mpangaji au mwenye kiwanja kidogo Majengo au Ngarenaro achague gari la taka, na kama ana ndoo mbili za maua au sukumawiki kwenye viroba, aanze na mboji ndogo ya ndoo iliyotobolewa. Mwenye robo eka Rau, Shanty Town au Njiro atumie mboji kwa majani laini na nyasi, matandazo kwa majani magumu, na gari la taka kwa miiba. Huo ndio mgawanyo ninaoufuata mwenyewe, na tangu nianze sijanunua samadi kwa ajili ya bustani ya mboga. Mwenye kihamba Kibosho, Uru, Marangu au upande wa Meru aanze na mifugo na matandazo, kwa kuwa mboji kwake ni kazi ya ziada isiyo ya lazima.

Kuchoma ninakuachia hali moja au mbili. Mbuni ulioshambuliwa sana na bungua (mdudu anayetoboa shina) ukang’olewa, au matawi ya miti yenye ugonjwa, hayafai kuachwa shambani, na moto ni dawa inayokubalika. Mgomba wenye ugonjwa wa mnyauko ni habari nyingine, kwa sababu zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kigogo chake ni maji na hauungui. Kwa huo muone afisa ugani kabla hujaukata, maana panga lenyewe linaweza kuupeleka ugonjwa kwenye shina linalofuata.

Anayechoma katika hali hizo, baada ya kupata ruhusa ya mtaa au kijiji, awajulishe majirani jana yake, achague asubuhi isiyo na upepo baada ya umande kukauka, na afyeke mduara mpana hadi ubaki udongo mtupu. Kuni ziwe zimekauka kwa wiki kadhaa, rundo liwe dogo na liongezwe kidogokidogo, na pasiwe na petroli hata kijiko kimoja, kwa kuwa mvuke wake hutambaa chini na kulipuka mbali na pale ulipomwagwa. Mpira wa maji au ndoo zilizojaa ziwe zimeshafika kabla ya kiberiti, na mtu mzima asiondoke. Nguo ziwe za pamba, si za nailoni. Akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si dawa ya meno wala asali, kisha apelekwe kituo cha afya. Moto ukivuka mduara, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakati huohuo, usisubiri kuona kama utauweza. Ukiisha, mwaga maji, koroga kwa sepetu, mwaga tena, kisha weka mgongo wa kiganja karibu na majivu. Ukihisi joto lolote, rudia.

Kwa anayepakana na msitu, iwe ni msitu wa hifadhi wa Rau au ukanda wa juu wa mlima, hata hali hizo mbili siziruhusu katika kiangazi. Mbuni wenye bungua unaweza kukatwa vipande, ukawekwa kwenye eneo tupu mbali na mibuni mizima na kufunikwa kwa turubai, ukasubiri mvua za vuli ziloweshe nyasi za jirani.